Philip Omondi: Mfungaji Aliyerudi Kufundisha



Kutoka Bugolobi hadi Lugogo si mwendo mrefu. Ukivuka barabara kuu iendayo Jinja, mara unakikuta kiwanja cha mpira chenye jina la Philip Omondi. Mimi ni mkaaji wa Bugolobi, na vijana wengi wa mtaa wetu wanakijua kiwanja hicho kama wanavyoijua njia ya kwenda sokoni. Lakini ukimwuliza mmoja wao Omondi alikuwa nani, atakujibu kwamba alikuwa mchezaji wa zamani aliyefunga mabao. Jibu hilo si la uongo, ila ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba mtu huyo, baada ya kusifiwa Afrika nzima na kulipwa ng'ambo, alirudi katika klabu ileile ya mji wetu akawafundisha wengine. Nataka kuzieleza nusu zote mbili, kwa sababu naona ya pili ndiyo iliyo ngumu zaidi, nayo ndiyo isahauliwayo.

Kwanza inafaa tuijue klabu yenyewe, maana mti haujulikani vema bila kuujua udongo wake. Klabu ya Kampala City Council, ambayo watu waliizoea kwa herufi tatu tu, KCC, ilianzishwa mwaka wa 1963, miezi michache baada ya Uganda kupata uhuru. Mwanzilishi wake alikuwa Bwana Samuel Wamala, mkuu wa sehemu ya maji machafu katika halmashauri ya mji, na wachezaji wa kwanza walikuwa wafanyakazi wa halmashauri hiyo. Sisi wa Bugolobi tunaielewa kazi ya namna hiyo kuliko watu wengine, kwa sababu mitambo ya kusafishia maji machafu ya Kampala iko kwetu, karibu na bonde la Nakivubo, na upepo ukigeuka hatuhitaji kuonyeshwa ilipo. Watu wengi huidharau kazi ya mitaro na mabomba; lakini kazi hiyo ikisimama, maradhi hayatachagua nyumba ya tajiri wala ya maskini. Basi watu wa kazi hiyo ndio waliofanya timu. Klabu nyingine za Kampala zilikuwa na wafuasi wengi na sifa za siku nyingi; Express, kwa mfano, ilikuwapo tangu mwaka wa 1957. Timu ya halmashauri ilianza chini, ikapanda polepole, hata katikati ya miaka ya 1970 ikasimama pamoja na zile kubwa.

Omondi alizaliwa mwaka wa 1957, mwaka uleule ilipoanzishwa Express. Jina lake ni la Kijaluo, nalo hupewa mtoto wa kiume aliyezaliwa alfajiri. Wajaluo ni watu wa kando ya ziwa letu kubwa, wengi wao wakikaa Kenya na wengine Tanzania, na tangu zamani walifika Kampala kufanya kazi katika reli, viwanda na maofisi. Upande wa mashariki wa mji, pale Naguru na Nakawa, serikali ya kikoloni ilikuwa imejenga nyumba za wafanyakazi Waafrika. Nyumba hizo zilibomolewa mwaka wa 2011, lakini wazee wanaozikumbuka husema zilikuwa kama Afrika Mashariki nzima iliyofungwa katika kifurushi kimoja. Palikuwa na watu wa Kenya, wa Kongo, wa Sudani na wa kila pembe ya Uganda, na lugha ya uani ilikuwa Kiganda na Kiswahili pamoja. Vijana wengi waliozichezea timu za Kampala katika miaka hiyo walitoka katika mitaa ya namna hiyo. Mpira ulikuwa na hukumu yake. Haukumwuliza mtu kabila lake wala baba yake alitoka wapi. Ulimwuliza kama ajua kucheza.

Na Omondi alijua. Alikuwa mshambuliaji mwenye chenga na shabaha, na hata leo wazee wa Kampala wakianza kubishana juu ya mchezaji bora aliyewahi kuzaliwa Uganda, jina lake halikosi kutajwa. Mwalimu aliyeijenga KCC ya miaka hiyo alikuwa Bwana Jaberi Bidandi Ssali, ambaye naye alikuwa amecheza mpira kabla ya kufundisha, na ambaye baadaye alikuwa waziri katika serikali. Omondi akawa miongoni mwa vijana wa kikosi hicho, pamoja na watu kama Moses Nsereko, Tom Lwanga na Jimmy Kirunda. Mwaka wa 1976 KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda kwa mara ya kwanza, na mwaka wa 1977 ikautwaa tena. Mwaka wa 1978 ikapata kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, ikiwa klabu ya kwanza ya Uganda kulipata. Tukumbuke kwamba ilikuwa imepita miaka kumi na mitano tu tangu timu hiyo kuanzishwa na watu wa mitaro.

Haifai kusimulia habari hizo kana kwamba siku zile zilikuwa za raha tupu. Uganda ilitawaliwa na Idi Amin tangu mwaka wa 1971. Amin mwenyewe alikuwa bondia katika ujana wake, alipenda michezo, na wachezaji walioshinda aliwapa zawadi. Lakini chini ya utawala huohuo watu wengi waliuawa, wengine wakatoweka na hawakuonekana tena, na bidhaa zikaadimika madukani. Mpira nao haukukaa mbali na siasa. Mwaka wa 1977 serikali iliipiga marufuku Express, na klabu hiyo ikafungwa. Kwa hiyo kijana aliyeingia kiwanjani siku hizo alikuwa akicheza mbele ya watu walioishi kwa hofu, ambao kwa dakika tisini tu walipata nafasi ya kupiga kelele bila kuogopa.

Timu ya taifa letu huitwa Cranes, yaani korongo, kwa ajili ya ndege wa bendera yetu. Omondi aliivaa jezi yake akiwa bado hajafika miaka ishirini. Mwanzoni mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika hayakuwa na neema kwa Uganda. Mwaka wa 1974, huko Misri, timu ilipata sare moja na kushindwa mara mbili. Mwaka wa 1976, huko Ethiopia, ilicheza mara tatu ikashindwa mara tatu. Nyumbani Afrika Mashariki ilikuwa habari nyingine, kwani mwaka wa 1976 na mwaka wa 1977 Uganda ilitwaa kombe la mataifa ya Afrika Mashariki na Kati. Basi timu ilipokwenda Ghana mwezi wa Machi mwaka wa 1978, ikiongozwa na mwalimu Peter Okee na nahodha Jimmy Kirunda, ilijulikana kuwa timu nzuri ya upande wetu, lakini si wengi walioitazamia kufika mbali.

Kundi la Uganda lilicheza katika mji wa Kumasi. Uganda ilianza kwa kuifunga Kongo Brazzaville mabao 3 kwa 1. Kisha ikafungwa na Tunisia, nayo kwa 3 kwa 1. Ikabaki Moroko, ambayo ilikuwa bingwa wa Afrika wa mwaka wa 1976. Uganda ikaifunga Moroko mabao 3 kwa 0, ikamaliza ya kwanza katika kundi. Katika nusu fainali ilikutana na Nigeria, nchi yenye watu wengi kuliko zote katika Afrika. Abdulla Nasur alifunga bao la mapema. Kipindi cha pili Nigeria ikasawazisha. Hazikupita dakika nyingi, Omondi akafunga bao la pili, na mchezo ukaisha kwa 2 kwa 1. Huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nalo bao lake ndilo lililoipeleka Uganda katika fainali ya Afrika, jambo ambalo halikupata kutokea kabla ya hapo wala halijatokea tena.

Fainali ilichezwa Accra tarehe 18 Machi 1978, mbele ya watu wa Ghana wenyewe. Ghana ilishinda kwa mabao 2 kwa 0, yote mawili yakifungwa na Opoku Afriyie. Ilikuwa mara ya tatu Ghana kulitwaa kombe hilo, kwa hiyo ikapewa kulichukua moja kwa moja. Nataka msomaji aitazame hesabu ya mabao. Uganda ilifunga mabao 9 katika mashindano yale, na 3 kati ya hayo yalikuwa ya Omondi. Hakuna aliyefunga zaidi yake. Aliokuwa sawa nao ni Segun Odegbami wa Nigeria na huyo Afriyie. Na Afriyie aliingia katika fainali akiwa na bao moja tu, mawili aliyapata siku ile. Maana yake ni kwamba Omondi alikuwa mbele ya Afriyie kwa mabao mawili kabla ya mchezo wa mwisho, na mchezo ule mmoja uliwafanya kuwa sawa, ukampa mwenzake kombe. Hivyo ndivyo ilivyo bahati ya mfungaji. Kazi yake yote hupimwa kwa hesabu, na hesabu haina huruma.

Uganda haikuonekana tena katika mashindano hayo hadi mwaka wa 2017, huko Gabon. Ni miaka thelathini na tisa. Sababu zake ni nyingi, lakini ya kwanza haikuwa ya mpira. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1978, miezi saba tu baada ya Accra, majeshi ya Amin yaliingia Kagera katika Tanzania. Tanzania ikajibu, vita vikaenea, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikatekwa na Amin akakimbia. Amin aliondoka, lakini amani haikuja upesi. Mji uliporwa, bunduki zilikuwa mikononi mwa watu wengi, na mtu aliyeweza kuondoka alifikiri kuondoka.

Omondi aliondoka. Alikwenda kuchezea Sharjah, katika nchi ya Falme za Kiarabu. Nchi hiyo ilikuwa changa, kwani iliungana mwaka wa 1971, na fedha za mafuta zilikuwa zikijenga miji yake na klabu zake. Watu wa pwani yetu waliijua Ghuba tangu enzi za majahazi, walipopeleka mikoko na pembe za ndovu na kuleta tende. Lakini kijana wa Kampala kwenda huko kwa sababu ya miguu yake lilikuwa jambo jipya. Nyumbani Uganda mpira haukuwa kazi ya kumlisha mtu. Mchezaji wa KCC alikuwa na KCC na makofi ya watazamaji, pamoja na kazi ya halmashauri kama aliipata. Kwa hiyo sitamlaumu Omondi kwa kwenda, wala simwoni kuwa aliikimbia nchi. Mtu mwenye ufundi huupeleka pale unaponunuliwa.

La ajabu ni kwamba alirudi. Katika miaka ya 1980 alionekana tena akiwa na jezi ya KCC, pale Kampala, katika nchi iliyokuwa bado na vita vya ndani. Na alipokwisha kutundika viatu hakuiacha klabu. Aligeuka akawa mwalimu wake. Hapo ndipo nafika katika ile nusu ya pili niliyoitaja mwanzoni.

Kufunga bao na kufundisha kufunga bao ni kazi mbili zilizo mbali sana. Mshambuliaji aliyezaliwa na kipawa hufanya mambo kabla ya kuyafikiri. Huanza kukimbia nusu dakika ya jicho kabla ya pasi kutoka, ili asiotee wala asichelewe. Humwona golikipa akihamisha uzito wa mwili kwenye mguu mmoja, naye hupiga upande wa mguu huo, kwa kuwa hauwezi kuinuka upesi. Ukimwuliza alijuaje, hawezi kukueleza, kama vile mtu asivyoweza kueleza anavyomeza chakula. Lakini akiwa mwalimu hana budi kueleza. Hana budi kukivunja kipawa chake vipande vipande na kukigawa kwa vijana ambao wengi wao hawatamfikia hata nusu. Hana budi kustahimili kumwona mtu akikosa bao ambalo yeye angelifunga akiwa amefumba macho. Tena sifa hugeuka. Timu ikishinda, watu huwabeba wachezaji. Ikishindwa, humwuliza mwalimu.

Katika miaka ya 1990 KCC ilitwaa ubingwa wa Uganda mara mbili, mwaka wa 1991 na mwaka wa 1997. Ubingwa ni kazi ya watu wengi, nami sitaki kumpakulia mtu mmoja chungu kizima. Ninalosema ni kwamba mtu ambaye angeweza kukaa akisimulia habari za Kumasi na Accra maisha yake yote alichagua kusimama juani kando ya kiwanja, akiwapangia vijana mazoezi. Alifanya hivyo katika klabu ileile ya halmashauri, karibu na mitaa ileile ya mashariki. Alifariki mwaka wa 1999, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Ulikuwa umri wa mapema mno, kwa maana ndio wakati mwalimu anapoanza kuvuna alichopanda.

Baada ya kufa kwake, kiwanja cha KCC pale Lugogo kilipewa jina lake. Jina hilo nalo limepitia majaribu. Halmashauri ya mji ilibadilishwa na sheria ya mwaka wa 2010, ikawa Mamlaka ya Mji Mkuu wa Kampala, na klabu nayo ikaitwa KCCA. Katika miaka ya 2010 kiwanja kilitandikwa zulia la nyasi za bandia, kisha kikaitwa kwa jina la kampuni ya televisheni, StarTimes, iliyotoa fedha. Katika miaka ya 2020 ikaja kampuni ya simu, MTN, na safari hii jina la kampuni likawekwa pamoja na jina la Omondi. Wako wanaonung'unika kwamba majina ya watu hayafai kuuzwa. Mimi naona klabu haiwezi kuishi kwa kumbukumbu peke yake, maana viatu na nauli hununuliwa kwa fedha. Lakini naona pia kwamba kampuni ikimaliza mkataba wake huondoka na jina lake, na jina la Omondi halina mkataba. Lilipotolewa lilirudi, kwa sababu watu walikuwa wakilitaja hata lilipokuwa halikuandikwa popote.

Kwa nini nimeona jambo hili linatuhusu sisi wanafunzi? Kwa sababu wengi wetu tunaomaliza masomo tunaitazama njia ileile ya Ghuba. Kila familia ninayoijua hapa Bugolobi, Nakawa au Kitintale ina ndugu au jirani aliyekwenda Dubai, Sharjah au Saudia, mmoja kulinda mlango wa duka, mwingine kufanya kazi za nyumbani, mwingine kuendesha gari. Wazee hutuonya tusiende. Vijana hujibu kwamba hapa hakuna kazi. Ugomvi huo nimeusikia sebuleni mara nyingi, na kila upande una haki yake. Maisha ya Omondi hayaumalizi, lakini yananifundisha kuuliza swali lingine. Badala ya kuuliza kama mtu aende au asiende, tuulize akirudi atakuwa na kitu gani cha kumpa mwingine, na atakubali kukitoa?

Mabao matatu ya Ghana yameandikwa katika vitabu vya Afrika, wala hayatafutika. Mazoezi ya jioni pale Lugogo hayakuandikwa na mtu. Lakini bao hufungwa mara moja, na mtu aliyefundishwa naye hufundisha. Wapo leo katika Kampala watu wazima ambao walisimama mbele ya Omondi wakiwa vijana, wakaonyeshwa namna ya kuutuliza mpira kwa mguu wa kushoto, na sasa wanawaonyesha watoto wao katika vumbi la mitaani. Watoto hao huenda wasijue mafunzo yao yalianzia wapi. Sisi tuliosoma tunapaswa kuwaambia.